Maji ya Mlimani: Filta Ipi Nyepesi Itanitosha?

Tangu tuandike kuhusu viatu vya kupandia Rwenzori, barua nyingi zinazofika hapa mezani ni za maji. Watu wanataka kujua wabebe nini, na karibu kila mmoja anaanza na swali la uzito. Sawa, uzito tutaufikia, ila mnivumilie nikiusogeza nyuma kidogo maana kuna mambo yanautangulia.

*Habari yako mhariri. Mimi na wenzangu watatu wa kazini tunapanda Wagagai, kilele cha Mlima Elgon, mwezi wa Desemba, siku nne, tunaanzia Budadiri. Madukani nimeona mrija wa kufyonza, filta ya kukamua na chupa ya kusukuma kwa mkono. Ipi nyepesi kuliko zote? Begi zito sitaki kabisa.* (Dada wa Mbale)

Dada yangu, kwa mizani peke yake mrija unashinda. LifeStraw ile ya kawaida haifiki gramu 60. Kwenye filta za kukamua, Sawyer Mini iko hapo hapo, Katadyn BeFree pamoja na kifuko chake laini ni kama gramu 60 hivi, Sawyer Squeeze inagonga 85, halafu hiyo chupa ya kusukuma, kama ni Grayl GeoPress, ni gramu 450, yaani karibu nusu kilo kabla hujatia hata tone la maji. Mtu akisoma hapo anakimbia kununua mrija.

Lakini mrija unakunywesha wewe, basi. Unainama mtoni, unafyonza mpaka mashavu yanauma, ukishiba unaondoka na kilichomo tumboni, maji ya njiani huna, ya chai huna, ya kupikia posho (ugali) huna, na mwenzako akiwa amelala na kichwa kinamuuma kwa ajili ya mwinuko huwezi kumpelekea hata kikombe kimoja. Ni kitu kizuri kuwa nacho kwenye mfuko wa pembeni kwa dharura, ila kama filta yako kuu kwa siku nne, hapana.

Sasa kuna hesabu ambayo watu wengi hawaipigi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtu anayepanda mlima anakunywa lita 3 au 4 kwa siku, na kinachoamua begi lako litakuwa zito kiasi gani ni maji mangapi unayabeba kutoka kijito kimoja hadi kingine, filta yenyewe haina neno. Ukiwa na filta inayopitisha maji haraka utasimama kijitoni dakika tano, utakunywa mpaka utosheke hapo hapo, utajaza lita moja na kwenda. Ukiwa na filta ya polepole utachoka kukamua, utasema ah nitajaza nyingi asubuhi kambini nimalize, na hapo umebeba kilo tatu mgongoni mchana kutwa kwa sababu uliokoa gramu 30 dukani. Ndo maana mimi Sawyer Mini siipendi sana ingawa ni ndogo na bei yake nzuri, inakamulika kwa shida kuliko Squeeze, na baada ya siku mbili za maji yenye takataka inakuwa mtihani.

Kwa hiyo kwa mtu mmoja chagua kati ya Squeeze na BeFree. BeFree ina kasi nzuri na kuisafisha ni kuitikisa tu ndani ya maji, ila kifuko chake ni laini, kikitoboka una shida maana mdomo wake ni mpana wa milimita 42 na chupa ya kawaida haiingii. Squeeze inafungwa kwenye chupa ya soda ya plastiki, ile yenye mdomo wa milimita 28, na chupa ya soda utaipata hata Budadiri. Angalia lakini, si kila chupa ya maji ya dukani ina nyuzi za aina hiyo, nyingine mdomo wake ni mfupi, unafunga unadhani imeshika kumbe maji machafu yanachuruzika pembeni mpaka kwenye mdomo wa kunywea. Jaribu nyumbani kwenye sinki, kamua kwa nguvu na uangalie kwenye kiungo. Ikivuja hata kidogo tafuta chupa nyingine.

Ila nyinyi mko wanne, na hapo ningefanya tofauti. Nunueni moja ya kuning'iniza, mfuko wa lita 4 wenye bomba na filta katikati, kama Platypus GravityWorks ambayo ni gramu 300 na kitu. Mkigawana uzito ni chini ya gramu 90 kila mtu, mnaitundika kwenye mti mkifika Sasa River Camp, mkimaliza kufunga mahema maji yako tayari na hakuna aliyekamua kitu. Mmoja wenu abebe ndogo ya akiba. Kuhusu vijito vya juu ya Mude Cave siku ya kwenda kileleni, muulizeni askari wa UWA (mamlaka ya wanyamapori ya Uganda) mtakayepanda naye, yeye anajua ni vipi vina maji mwezi huo, maana Desemba mvua zinaanza kukatika.

Jambo moja la mwisho kwako. Siku ya kwanza kutoka Budadiri mnapita kwenye mashamba ya kahawa, nyumba za watu, ng'ombe. Maji ya hapo yatibuni kwa vidonge pia, si filta peke yake. Kwa nini, nimemjibu afande hapa chini.

*Jambo mhariri. Mimi ni askari mstaafu, niko Kitgum. Kijana wangu amenunua filta ya kutembea nayo, imeandikwa inaondoa asilimia 99.99999 ya bakteria. Halafu wewe kwenye toleo lililopita ukaandika wabebe na vidonge. Si ni kupoteza pesa hiyo? Asilimia iliyobaki ni ya nini?* (Afande mstaafu, Kitgum)

Jambo afande, na heshima zako. Swali lako ndilo la maana kuliko yote tuliyopata, na wewe uliyeko Kitgum jibu lake unalijua pengine kunizidi. Ile hepataitisi E iliyoanza kwenu mwishoni mwa 2007, watu zaidi ya 10,000 waliugua, na wajawazito ndo waliumia zaidi. Ule ulikuwa ugonjwa wa maji na vyoo, na ni virusi.

Filta hizi ndogo ndani zina vinyuzi vyembamba vyenye uwazi katikati, na kuta zake zina vitundu vya mikroni 0.1 au 0.2 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Bakteria wa kipindupindu au wa taifodi ni mkubwa kuliko tundu hilo, anakwama. Kuna na protozoa, vijidudu vya kuharisha: Giardia ni mikroni 8 na zaidi, Cryptosporidium ni 4 hadi 6, hao hata hawajaribu. Lakini virusi vya hepataitisi E ni kama mikroni 0.03. Vinapita katikati ya tundu na nafasi inabaki. Hiyo 99.99999 kwenye boksi ni kweli kabisa afande, lakini ni ya bakteria, soma mstari unaofuata utaona protozoa, halafu tafuta mstari wa virusi. Mara nyingi haupo, na hakuna aliyedanganya, ni kwamba tu hawakuahidi. Kipimo cha Marekani cha kifaa kinachoitwa kisafishaji kamili kinadai vitu vitatu pamoja: bakteria 99.9999, virusi 99.99 na protozoa 99.9. Grayl inafika hapo, ndo sababu ya uzito wake na ndo maana sikuitupa kabisa. Ila kichujio chake kinaisha baada ya lita 250 hivi, wakati hizi za vinyuzi ukizitunza zinakwenda maelfu.

Kwa hiyo swali ni binadamu wako wapi. Virusi vinavyotuumiza vinatoka kwenye kinyesi cha watu. Juu kabisa mlimani ambako hakuna anayeishi juu ya kijito chako, filta peke yake inatosha na mimi nakunywa bila wasiwasi. Chini, karibu na vijiji, kambi, masoko, bwawa la ng'ombe ambalo watoto nao wanaogea humo, chuja halafu weka kidonge. Chuja kwanza afande, siyo kidonge kwanza, maana klorini ikikutana na tope inamalizikia kwenye tope.

Na hapa naomba kijana asikilize. Vidonge vingi vinavyouzwa famasi zetu, Aquatabs za miligramu 67 na wenzake, ni vya jerikani ya lita 20. Kuna watu wanatia kimoja kwenye chupa ya lita moja halafu wanasema maji yanachoma koo. Lazima yachome! Tafuta vile vidogo vya lita moja, vya miligramu 8.5, au kama mko kundi basi tibuni jerikani nzima kambini jioni. Msikate vipande kwa kisu, hujui umekata kiasi gani. Subiri nusu saa, na kama maji ni ya baridi sana ya mlimani acha saa nzima. Klorini hii inaua virusi na bakteria lakini Cryptosporidium haisikii, huyo anaachiwa filta, ndo maana nasema viwili hivi vinafanya kazi pamoja. Vidonge vya klorini dioksaidi vinamuua huyo pia, ila unasubiri masaa 4, na mtu mwenye kiu hasubiri masaa 4. Kidonge hakina uzito wa kusumbua begi hata kidogo, kwa hiyo pesa ya kijana haijapotea.

*Mambo vipi. Mimi ni mpagazi huku Rwenzori, mgeni mmoja aliniachia filta ya Sawyer akaniambia itafanya kazi miaka. Sasa inatoa matone tu. Tena maji ya Bigo yana rangi ya chai, nikichuja bado yana rangi. Imeharibika?* (Kaka wa Kasese)

Kaka, rangi isikutishe. Huko Bigo maji yanakaa kwenye matope ya mboji na mizizi ya mimea iliyooza miaka na miaka, yanatoa tanini, na tanini imeyeyuka ndani ya maji kwa hiyo inapita filta yoyote ya vinyuzi. Haina madhara, ni rangi na ladha kidogo ya udongo. Makaa yaliyoamshwa (activated carbon) yanapunguza, lakini sioni sababu ya kubeba uzito huo kwa ajili ya rangi.

Matone ni jambo lingine, vitundu vimeziba. Nenda famasi ununue sirinji kubwa, ile ya mililita 60 bila sindano. Vuta maji safi yaliyochujwa au ya kuchemsha yaliyopoa, bandika kwenye mdomo ambao maji masafi hutokea, sukuma kwa nguvu kurudi nyuma. Usisukume kwa huruma, kazi yake ni nguvu. Utaona yanatoka ya kahawia na vijiuzi vya majani, rudia mpaka yatoke meupe halafu rudia tena. Kama bado imekaza iloweke kwenye maji ya moto, moto wa kuoga, siyo yanayochemka, iache saa moja urudie na sirinji. Kuanzia safari ijayo maji yapitishe kwanza kwenye kitambaa, leso ikikunjwa mara nne inatosha, na kama ni maji ya tope zito yaache ndoo ikae yatulie, chota ya juu. Kwa tope lisilotulia kuna vile vipakiti vya unga vya P&G, kimoja kinatibu lita 10: unakoroga dakika 5, tope linashuka chini lenyewe, unamimina kwenye kitambaa, unasubiri dakika 20, na unga huo una klorini ndani yake.

Lakini kaka mimi naogopa kitu kingine, nacho hukukiuliza. Unapanda na wageni hadi kambi ya Elena Hut, pale ni mita 4,541 na usiku barafu inaganda. Filta hiyo ulilala nayo wapi? Kama ilikuwa na maji ndani ikakaa kwenye mzigo nje ikaganda, vinyuzi vinapasuka. Maji yakiganda yanapanuka, na ukuta wa kinyuzi ni mwembamba sana. Ubaya wake ni kwamba haitaonekana, itaendelea kutoa maji, tena mazuri ya kuangaza, na bakteria wanapita humo humo. Hakuna kurekebisha. Kuna aina kama MSR QuickDraw ambazo unaweza kuzipima mwenyewe kwa kupuliza hewa wakati zimelowa, hewa ikipita ujue zimepasuka. Wenyewe Sawyer wanasema ukishuku imeganda, tupa. Hilo linauma maana bei yake si mchezo kwa mshahara wa kubeba mizigo, najua, kwa hiyo kama una shaka ibakize kwa kuondoa takataka tu na maji uyachemshe au utie kidonge. Na ukipata mpya, kuanzia kambi ya Bujuku kwenda juu ikung'ute maji, itie kwenye mfuko wa plastiki, ilale na wewe ndani ya mfuko wako wa kulalia. Mchana weka ndani ya jaketi. Hata wageni wako waambie, wengi hawajui.

*Tunaenda Rwenzori kupitia njia ya Kilembe. Tunaweza kuanza kuchota mto Nyamwamba tukichuja vizuri?* (Mwanafunzi, Kampala)

Hapana. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulifanya kazi tangu miaka ya 1950 hadi 1982 na mabaki yake yamelundikana bondeni kandokando ya mto, mvua ikinyesha na mto ukifurika yanaingia majini. Shaba, kobalti na wenzake wameyeyuka, filta ya vinyuzi haiwagusi, kidonge hakiwagusi, na kuchemsha ndo kabisa, maji yanapungua na madini yanabaki. Hata Grayl ingawa ina makaa ya kupunguza baadhi ya madini siyo jibu la mto wa mgodini. Ondokeni hosteli na lita mbili mbili za maji safi, pandeni nayo, na mkishapita mgodi na makazi mkaingia msituni kuelekea Sine Camp hapo vijito ni vya kutoka juu, chujeni muendelee na safari. Hayo hayo yanahusu viuatilifu vya mashambani na maji ya chumvi kama ya Katwe, kuna watu wanadhani filta ni filta.

*Rafiki yangu anasema huko juu maji yanachemka kabla hayajapata moto, kwa hiyo kuchemsha ni bure. Ni kweli?* (Mzee, Jinja)

Mzee wangu, nusu ya kwanza ni kweli. Kwenye mita 4,500 maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi. Lakini vijidudu vya maji havihitaji 100 ili vife, kwa hiyo yakichemka yakaruka yaache dakika tatu badala ya moja, maana ushauri ni dakika tatu ukishavuka mita 2,000, na hapo kila kitu kimekufa, virusi ndani yake. Kasoro ya kuchemsha ni mafuta ya jiko unayobeba na muda. Kama jioni mnapika chai basi hayo ya chai hayahitaji filta, msipoteze nguvu kuyachuja.

*Filta itanikinga na kichocho? Tunatembea kando ya Ziwa Albert.* (Dada wa Hoima)

Ya kunywa, ndiyo, filta inazuia. Lakini kichocho kinaingia kwenye ngozi, dada, unapoingia majini kuchota, kuoga au kusukuma mtumbwi, kwa hiyo ukiwa na filta bora duniani na miguu yako iko ziwani hujajikinga. Nunua maji pale mnapokaa au chota kwenye bomba la kisima. Na ukirudi nyumbani baada ya miezi miwili hivi nenda ukapime.

*Kuna filta za bei ya chini zinauzwa hapa mjini, nyingine hata jina hazina. Nitajuaje nzuri?* (Ndugu wa Kisenyi)

Banange, hizi zimejaa. Geuza boksi. Kama imeandikwa tu inaondoa harufu, ladha na klorini, hiyo ni ya makaa, ni ya maji ya bomba ambayo tayari ni salama, mlimani haikusaidii. Tafuta namba ya mikroni, 0.1 au 0.2, na iandikwe kuwa hicho ndicho kipimo kamili cha tundu, siyo wastani. Kukiwa na picha ya mtu anakunywa kwenye dimbwi na hakuna namba yoyote, rudisha. Na filta ya kukamua isiyo na njia yoyote ya kusafishwa kwa kurudisha maji nyuma usinunue, itaziba safari ya kwanza.

Usidanganyike pia na kalamu za mwanga wa UV kwa sababu ni ndogo. Zinaua vizuri hata virusi, lakini maji lazima yawe meupe kabisa, tope linaficha vijidudu mwanga usivifikie, na betri kwenye baridi inakufa mapema. Na kwa wale walioniuliza kama wanaweza kubeba Purifaaya, ile filta ya udongo inayotengenezwa hapa hapa Uganda, kwa nyumbani ni nzuri mno, mgongoni utajuta.

Ndugu, ukibaki na shaka juu ya unayoiona hapo dukani, nitumie picha ya nyuma ya boksi kabla hujalipa. Ya mbele haina kazi.